Sukari ya Mtani

Hema la kupimia sukari bure lilisimamishwa kando ya ghala la karanga, na juu yake wakatundika bango lenye sura ya mkubwa mmoja wa wilaya, mashavu yamejaa, anatabasamu kama vile sukari yenyewe kailima yeye. Latir Ngom alisimamisha mkokoteni wake mbali kidogo, akamfungia farasi kwenye nguzo, akalitazama bango lile kwa muda, kisha akatema mate pembeni. Kitambaa kizima vile. Kwa kitambaa kile mtu angefunga vidonda vya wodi nzima.

Vidonda alivijua. Mkewe, Tening, alianza na kidonda cha kidole cha mguu, kidonda cha kuchekwa, mbegu ya karanga ni kubwa kuliko kile. Daktari wa kwanza akasema ni uchovu. Wa pili akasema ni presha. Wa tatu akasema ni sukari, lakini vijikaratasi vya kupimia vimekwisha, nendeni mkanunue nje. Walipovipata, mguu ulikuwa umeshabadilika rangi, na wakubwa wakasema ukatwe. Ukakatwa. Tening hakumaliza hata kuzoea magongo. Na yote yale, uchovu, presha, sukari, kukata, waliyasema kwa uso mmoja mkavu, kama watu wanaosoma bei ya chumvi.

Kwa hiyo Latir hakuwa na nia ya kuingia hemani. Aliyemwingiza ni Biram, mwenzake wa mikokoteni, mtu wa maneno mengi ambaye hawezi kupita kitu cha bure.

"Bure hii, bwana," Biram alimwambia. "Siku nyingine hata mate yako watakulipisha. Kwanza wewe siku hizi unakunywa maji kama farasi wako."

Latir alimjibu kwamba ni vumbi la karanga, kila anayebeba magunia ana kiu. Lakini alikwenda, nusu kwa kumnyamazisha Biram, nusu kwa jambo ambalo hakulitaja, kwamba kwa muda sasa alikuwa anaamka kwenda msalani hadi anachoka njia.

Ndani ya hema palikuwa na meza, nesi, na watu wamejipanga hadi nje. Nesi alikuwa mwanamke mnene kidogo, mwenye kilemba cha rangi ya chungwa, jina lake Ulimata Badji. Alipomwuliza Latir jina, na Latir akalitaja, aliweka kalamu chini.

"Ngom," alisema polepole. "Mserer. Kumbe mtumwa wangu kajileta mwenyewe."

Watu wakaanza kucheka kabla hata Latir hajajibu, kwa maana Badji ni jina la Wajola, na Mserer na Mjola ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, humwita mlafi, mwizi wa chakula, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Latir alihisi kitu kimelegea kifuani. Tangu Tening aondoke hakuna mtu aliyekuwa amemtukana vizuri.

"Mtumwa ni wewe, binti Badji," alisema. "Nani kakufundisha kushika sindano? Kwenu si mnashika jembe la mpunga tu?"

"Sisi tunalima, nyie mnamaliza. Lete kidole hicho, mlafi, nione umekula magunia mangapi ya babu yangu."

Akamchoma, akakamua tone la damu, akaligusisha kwenye kijikaratasi kilichochomekwa kwenye kimashine. Wakangoja. Nesi alikisoma kimashine, akakisoma tena. Akamwuliza Latir amekula nini asubuhi ile. Latir akasema amekula wali wa Wajola, na bado una ladha ya wizi. Hema zima likacheka. Nesi aliuchukua mkono wa pili, akaufuta kwa pamba yenye maji, akachoma kidole kingine.

"Mzee Ngom," alisema safari hii, "damu yako imejaa sukari. Wali uache. Chai yenu ile ya sukari tele uache. Kesho asubuhi uje kituo cha afya, usitie kitu mdomoni, hata kahawa."

"Unataka nife na njaa urithi farasi."

"Farasi nitamchukua, hilo lisikutie shaka. Lakini kesho uje."

Alitafuta karatasi ya majibu, akafunua boksi hili na lile, akamwuliza mwenzake, naye akasema zimekwisha tangu mapema, wamebaki na kofia tu, zile zenye sura ya mkubwa wa bango. Basi akaushika mkono wa Latir, akaandika tarakimu kwa kalamu nyuma ya kiganja, na kwa kuwa watu walikuwa bado wanamtazama wakingoja neno, akasema, "Hii ndiyo alama ya mtumwa wangu, asije akapotea njiani."

Latir alitoka hemani akicheka, na waliokuwa kwenye foleni wakamcheka, na mmoja akaomba kuiona hiyo alama.

Biram aliingia baada yake, akatoka upesi. Huyo ni Mwolof, hana utani na kina Badji. Alisema nesi kamwambia kwa adabu kabisa: sukari yako nzuri baba, endelea hivyo hivyo, tembea sana. Nesi hakucheka hata kidogo.

"Unaona?" Biram alisema. "Kwangu kasema kazi. Kwako kacheza."

Ndivyo Latir alivyoona pia. Angeonaje vingine? Tangu akiwa mtoto, kila Mjola aliyekutana naye alimwambia aache wali, arudi kwenye uwele wake. Neno lile lile, karibu kwa sauti ile ile. Alasiri, alipochukua birika kutia udhu, alisugua ile alama bila kuifikiria, na wino ukaenda na maji.

Jioni bintiye, Siga, aliweka sinia la wali na samaki katikati ya mkeka, watoto wakazunguka, na Latir akawasimulia kisa chote, kilemba cha rangi ya chungwa, magunia ya babu, alama ya mtumwa. Alikisimulia vizuri. Watoto walicheka wakamwaga wali. Siga hakucheka.

Alimwuliza baba yake ile tarakimu ilikuwa ngapi. Latir akajaribu kukumbuka. Mbili na kitu, akasema. Mbili, nukta, na kitu. Na hapo akapata cha kumtuliza Siga na kujituliza mwenyewe: mama yako walisema mia tatu. Mia tatu, na bado walimzungusha. Sasa mbili ni nini mbele ya mia tatu?

"Baba," Siga alisema, "nesi anaweza kutania na damu ya mtu?"

Latir alimkumbusha siku ya mazishi. Mwili wa Tening ulikuwa umeshatolewa uani, watu wanalia, na jirani yao mmoja, Mjola, akaja kulala chini mbele ya jeneza, akasema maiti haipiti, Mserer huyu alikufa na deni la wali wake, hanyanyuki mpaka apewe kuku. Akapewa kuku. Na kabla ya hapo alikuwa amejifunga kitambaa cha Tening, akachechemea uani kote kwa mguu mmoja, mpaka waliokuwa wanalia wakashindwa kujua wanalia au wanacheka. Kama mtani anatania na maiti, tone la damu ni nini?

Siga alilisogeza sinia kidogo upande wa watoto, na Latir akalirudisha.

Lakini maneno yale hayakumtoka. Alilala nayo, akaamka nayo. Kama ilikuwa utani, kwa nini alichoma mara mbili? Kama haikuwa utani, kwa nini alicheka? Hapana, hakucheka, waliocheka ni watu. Au alicheka? Alijaribu kuuona uso wa yule mwanamke, akauona kilemba tu. Asubuhi alikunywa kahawa yake yenye sukari na mkate, kwa maana amri ya kukaa bila kula ndiyo amri ambayo mtani hutoa kila siku ya Mungu, akafunga farasi, akajiambia anakwenda kubeba mzigo. Mkokoteni ukapita kituo cha afya. Akasimama.

Mlangoni palikuwa na karani. Latir alimweleza: jana nilipimwa hemani, nikaambiwa nije. Karani akaomba karatasi ya majibu. Latir akaonyesha mkono, na mkono haukuwa na kitu. Karani akautazama mkono, akamtazama Latir, akasema vijikaratasi vya kupimia vyote vimekwenda na hema, hapa hakuna hata kimoja. Latir akasema apelekwe kwa mganga mkuu. Mganga mkuu yuko semina. Semina ya nini? Ya sukari.

Alitokea msaidizi mmoja, kijana aliyevaa koti jeupe kubwa kuliko yeye, akamwuliza mzee kama amekula. Latir akasema kahawa na mkate tu.

"Basi hata kipimo kingekuwepo, leo kisingetuambia kitu," alisema yule kijana kwa uso mkavu. "Rudi wiki ijayo. Na pengine huna kitu, mzee. Wengi wanaotoka kule hemani hawana kitu."

Latir alisimama pale kibarazani akimsikiliza, na alichosikia ni sauti ile ile ya uchovu, ile ile ya presha. Alitamani kuliamini neno lile, huna kitu, ni neno tamu. Lakini lilitoka kwa mtu aliyekuwa tayari anageuka kuondoka. Wanakualika kwa bango, wakakupima bila karatasi, wakakutuma mahali pasipo na kipimo, na mwenye kujua yuko semina anakula biskuti. Ndivyo walivyomuua Tening, si kwa kisu, bali kwa njoo kesho. Haya aliyawaza kwa hasira, na hasira ilimsaidia, maana alipokuwa na hasira hakuwa anajiuliza.

Akarudi kazini. Akala wali mchana, chai raundi zote tatu za desturi, ya mwisho tamu kama asali, na kiu ikazidi.

Ilikuwa siku chache baadaye, jua likielekea kushuka, amemfungua farasi na kumpa majani, Latir akaingia uani na kukaa kwenye mkeka. Siga alikuwa anapepeta uwele. Aliinua macho, akaacha ungo.

"Baba, umekanyaga nini?"

Latir akatazama nyuma. Kutoka kwenye zizi hadi kwenye mkeka palikuwa na madoa, moja kila hatua, mekundu yameanza kukauka na kuwa meusi. Akadhani ni ya farasi. Siga alishika mguu wa baba yake, akamvua ndala, na msumari wa mkokoteni ulikuwa umepenya soli yote na kuingia kwenye nyama chini ya kidole gumba, umekaa humo kama mpangaji.

Siga akaung'oa. Latir alimtazama akiung'oa. Alingoja maumivu, kama mtu anayengoja mlango ugongwe, na maumivu hayakuja. Alikuwa ametembea na msumari ule tangu lini? Tangu sokoni? Tangu asubuhi? Hakujua. Akaufinya mguu kwa vidole vyake mwenyewe. Ulikuwa kama mguu wa mtu mwingine aliyeuacha pale.

Siga alikuwa amejifunika mdomo kwa ukingo wa khanga. Yeye ndiye aliyekuwa akimwosha mama yake kile kidole.

Asubuhi Latir hakutia kitu mdomoni. Alifunga mguu kwa kitambaa safi, akauliza kwa watu hema limekwenda wapi, akaambiwa liko Kahone, kwenye soko la wiki. Akaelekeza farasi huko. Njiani alikuwa na fikra moja tu, na haikuwa na kichwa wala miguu: kama yule mwanamke alikuwa anatania, amshukuru au amtukane? Na kama hakuwa anatania, ni nani aliyemtania, yeye mwenyewe?

Kahone palijaa. Hema lile lile, bango lile lile, upepo umelikunja shavu moja la mkubwa. Ulimata Badji alimwona kutoka mbali, na watu walipoona uso wake umechangamka wakageuka kutazama anayekuja.

"Haya, mtumwa wangu mtoro," alisema. "Nilikungoja kituoni mpaka nikasinzia. Au ulipitia kwenye sinia la mtu?"

Watu wakacheka. Latir alikwenda moja kwa moja hadi mezani.

"Ulikuwepo kituoni?" alimwuliza.

"Nilikuwepo, mchana. Asubuhi walinipeleka kuchukua maboksi. Karani akaniambia kuna mzee kaja hana karatasi." Akautazama mkono wa Latir. "Alama yangu iko wapi?"

"Niliiosha."

"Uliiosha," alirudia.

"Binti, leo weka utani pembeni. Nataka kujua kitu kimoja. Siku ile ulikuwa unasema kweli au ulikuwa unacheza?"

Nesi akageuka, akamwita daktari kijana aliyekuwa nyuma na maboksi, mtu wa ukoo wa Diop, asiye na utani na Mserer yeyote aliyekuwepo pale. Alimwomba amweleze mzee huyu, amweleze vizuri, maana yeye akimweleza hataaminika. Yule daktari alikuja akifuta mikono. Alisema, mzee, kwa kipimo kile inaelekea una ugonjwa wa sukari, ila ni lazima tuthibitishe ukiwa hujala, usiwe na wasiwasi, ni ugonjwa unaoweza kudhibitiwa. Alisema yote kwa adabu. Uso mkavu, sauti ya bei ya chumvi.

Latir alimsikiliza hadi mwisho, na alipomaliza akagundua hajasikia kitu. Maneno yamepita kama mkokoteni mtupu. Huyu hapa anasema una ugonjwa, yule wa kituoni alisema huna kitu, na wote wawili wana uso mmoja. Wa kumwamini ni yupi? Tening aliwaamini wote, kwa zamu.

Akamgeukia Ulimata. Akavuta pumzi, akapaza sauti ili kila mtu asikie, kama inavyotakiwa.

"Mwizi wa mpunga wewe. Sema mbele ya watu ulinidanganya ili wali ubaki kwenu. Sema, mtumwa, nirudi nyumbani nikale."

Watu walitabasamu, wakamtazama nesi. Utani ulikuwa mzuri, umemwekea mlango wazi. Hata mtoto mdogo wa Kijola angejua la kujibu. Wakangoja. Latir naye akangoja.

Ulimata Badji hakujibu. Alimtazama tu, na kilemba chake cha rangi ya chungwa kikashuka kidogo alipoinamisha kichwa. Mtu mmoja kwenye foleni akakohoa. Hakuna aliyecheka tena.

Mbele ya jeneza la Tening walikuwa wametania. Waliuigiza mguu wa marehemu uani. Latir hakuwahi, maisha yake yote, kumwona Mjola akirushiwa neno akaliacha lianguke chini.

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaunyoosha ule uliofungwa kitambaa. Nesi alizunguka meza, akapiga magoti vumbini, akafungua kitambaa.

"Tangu lini?"

"Sijui. Msumari. Sikuusikia."

Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akikizungushia pamba taratibu, akauliza kama Latir anasikia hapa, na hapa, na hapa. Hapa ndiyo. Hapa kidogo. Hapa hapana. Kisha akamchoma kidole, akamwonyesha kimashine mwenyewe. Mbili na kitu tena, na hakuwa amekula.

"Mke wangu walimpa mia tatu," Latir alisema. "Mimi mbili. Nikasema mbili si kitu."

"Ni mashine mbili, mzee. Moja inahesabu hivi, nyingine vile. Mbili yako ni mia mbili na zaidi za mashine yake. Ni kitu kile kile."

Latir alifikiri juu ya hilo. Mashine mbili, ugonjwa mmoja, na hakuna mkubwa aliyeona haja ya kumwambia mwendesha mkokoteni. Walikuwa na muda wa kuchapa sura kwenye kofia.

"Kwa nini hamsemi?" aliuliza.

"Nilisema," alijibu Ulimata, bado kapiga magoti. "Nilisema huku watu wanacheka. Nami nikaacha wacheke."

Alimfunga bandeji nyeupe, akamwambia aje kesho na keshokutwa aoshwe kidonda, dawa za sukari atampa leo kutoka kwenye boksi lake mwenyewe kabla mtu hajalipeleka semina. Asitembee bila viatu. Kila jioni Siga amtazame nyayo. Latir aliitikia kila neno, lakini alikuwa anatazama midomo yake, akingojea kitu kingine, na hakikuja.

"Badji," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nijibu basi."

"Nikujibu nini?"

"Lile nililokuambia. Usiniache hivi mbele ya watu kama nimeshakufa."

Ulimata alinyanyuka, akajipangusa vumbi magotini. Watu wa foleni walisogea karibu, hata waliokuwa na haraka.

"Wali tuachie wenye nao," alisema. Sauti haikuwa imara. "Rudi kwenye uwele wenu, mlafi. Na huo nao, konzi moja, si sinia. Mtumwa mwenye mguu mmoja atanilimia nini?"

Watu wakacheka, kwa tahadhari kwanza, kisha sawasawa. Latir naye alicheka. Alicheka hadi machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono ambao siku ile ulikuwa na alama, akatoka hemani akichechemea kuelekea kwa farasi wake, na alipofika pale akasimama ameshika hatamu, hajui kama alikuwa bado anacheka.